Kutoka Pijo hadi Namba E: Historia ya Gari Lililotumika Afrika Mashariki

Gari lililotumika ndilo gari la kwanza kwa walio wengi wanaomiliki gari Kenya, Uganda na Tanzania. Hata mtu anaposema amenunua gari jipya, mara nyingi huwa na maana ya gari lililokwisha kuzunguka mitaa ya Nagoya au Osaka kwa miaka 7, 10 au zaidi kabla ya kupakiwa melini. Upya wake ni kwamba halijakanyaga barabara za hapa. Lililokwisha kuzikanyaga huitwa gari la mkononi, na bei yake hujadiliwa kwa hesabu nyingine kabisa. Mgawanyo huu wa maneno umekuja juzijuzi, lakini ujuzi ulioutangulia, yaani namna mtu wa mfuko mwembamba anavyojua gari lipi litamfikisha na lipi litamfilisi, una umri mkubwa zaidi.

Ujuzi huo ulianza kukusanywa hadharani mwaka 1953, yalipoanzishwa mashindano ya Coronation Safari kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya mawe, vumbi na tope la masika. Magari yalipangwa katika madaraja kwa bei yake dukani, wala si kwa ukubwa wa injini kama ilivyozoeleka Ulaya. Kwa hiyo aliyesimama kando ya barabara aliona kwa macho yake, miongoni mwa magari ya bei moja, lipi linavumilia na lipi linakatika springi. Volkswagen ndogo yenye injini nyuma ilitamba miaka ya mwanzo. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Datsun iliposhinda mwaka 1970, waliokuwa wakiyadharau magari ya Kijapani kama makopo walianza kunyamaza.

Ushindi unaofaa kukumbukwa zaidi katika habari hii ni wa 1965. Ndugu wawili wa Kenya, Joginder na Jaswant Singh, waliongoza wengine wote wakiwa na Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya: ilikuwa gari la mashindano lililokwisha kutumika, wakalinunua na kulitengeneza upya. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Gari la mkono wa pili, likishikwa na mtu anayelijua hadi boliti ya mwisho, liliyashinda magari yaliyotoka kiwandani, na miaka iliyofuata ilikuja kuthibitisha jambo hilo tena na tena katika gereji zisizo na majina.

Gari lililotawala miaka ya 1970 lilikuwa Peugeot, au Pijo kama lilivyotamkwa na wengi. Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968, ilikuwa na springi ndefu zilizomeza mashimo, tumbo lililoinuka juu ya ardhi, na injini ya kabureta ambayo fundi aliifungua kwa spana chache tu. Ile yenye safu tatu za viti ikawa teksi ya masafa marefu. Abiria wa Nairobi kwenda Nakuru au Kisumu hakusema anapanda teksi, alisema anapanda Pijo. Kenya ilikuwa na viwanda vya kuunganisha magari Thika, Nairobi na Mombasa, vyote vya miaka hiyo ya 1970, na 504 iliendelea kuunganishwa nchini humo kwa miaka mingi baada ya Ulaya kuiacha. Gari lililotumika wakati huo lilitoka ndani ya nchi. Liliuzwa na kampuni, na idara ya serikali kwa mnada, na mgeni aliyemaliza mkataba akawa anarudi kwao. Mnunuzi aliweza kumjua mwenye gari, dereva wake na fundi wake. Pikapu kuukuu za namna hiyo zilifungwa mabenchi na turubai zikawa matatu, hasa baada ya Rais Jomo Kenyatta kuruhusu mwaka 1973 zibebe abiria bila leseni za usafirishaji.

Tanzania ilipita njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 uagizaji wa magari ulibanwa, na fedha za kigeni zilipokauka ulibanwa zaidi. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978. Katika miaka hiyo ya uhaba ilifika hatua ya kupiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Gari likiharibika halikutupwa, lilipandishwa juu ya mawe likisubiri spea, na spea isipopatikana ilichongwa kwenye karakana. Land Rover iliyoitwa mia na tisa, kwa sababu ya inchi 109 kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, ilipendwa kwa kuwa bodi yake ya alumini haikuoza na karibu kila kipande chake kiliweza kufunguliwa na mtu mwenye bidii. Mafundi waliofunzwa na uhaba huo ndio waliokuja kuyapokea magari ya Japani, na ni vigumu kueleza mafanikio ya magari hayo Tanzania bila kuwataja. Waliikuta teknolojia ngeni wakaifungua, wakaichora kichwani, wakaifunga tena.

Mlango ulifunguliwa kwa hatua. Mwaka 1983 daladala zilihalalishwa Dar es Salaam, kwa kuwa mabasi ya umma hayakutosha tena. Bajeti ya 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi, na pikapu zikawa miongoni mwa vitu vya mwanzo kuonekana kwa wingi. Mwaka 1985 aliingia Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimwita Mzee Ruksa. Nguo za mitumba zilirudi sokoni, na magari yaliyotumika yakaja nyuma yake. Kenya ililegeza masharti yake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko viwanda vya kuunganisha vilikuwa na mengi ya kupoteza, na kweli vilipoteza: familia ambayo isingeweza kununua gari jipya la Thika au Mombasa sasa iliweza kununua Corolla ya Japani iliyotumika. Hata ndoto ya gari la taifa ilizimika wakati huohuo. Nyayo Pioneer, mradi ulioanza mwaka 1986 kwa agizo la Rais Daniel arap Moi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ulitoa magari matano ya mfano yaliyoonyeshwa mwaka 1990, kisha ukakwama kwa kukosa fedha.

Mengi ya magari ya mwanzo yalipitia Ghuba. Zanzibar na Mombasa zilikuwa na undugu wa damu na wa biashara na Oman na Dubai, na mfanyabiashara aliyekwenda huko kununua redio na vitambaa aliona pia viwanja vilivyojaa magari ya Kijapani. Dubai huendesha upande wa kulia, kwa hiyo magari yenye usukani wa kulia yaliyopangwa pale hayakuwa na kazi mjini humo. Yalikuwa yakisubiri Waafrika na Waasia wa kusini. Mwaka 2000 mji huo ulifungua eneo huru maalumu kwa biashara hiyo, likijulikana kama Ducamz. Faida ya Dubai ilikuwa moja kubwa: mnunuzi aliliona gari, akaliwasha, akasikia mlio wake kabla ya kutoa fedha. Hasara yake ilikuwa bei ya mtu wa kati.

Swali ambalo wanunuzi wengi walijiuliza ni kwa nini Mjapani auze gari zima kwa bei ya kutupa. Jibu limo katika sheria za Japani. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, uitwao shaken, huja pamoja na bima, kodi na marekebisho ya lazima. Likifika umri fulani, gharama za kulipitisha huikaribia thamani ya gari lenyewe, na mwenye gari huona nafuu kuliuza. Gari la petroli lililopita miaka 13 hutozwa pia kodi kubwa zaidi. Treni za mijini ni nzuri, hivyo familia nyingi huendesha kilomita zisizofika 10,000 kwa mwaka. Zaidi ya hayo, Japani huendesha upande wa kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, na usukani ukakuta barabara inayoungoja. Gari lililochoka kwa hesabu za Tokyo lilikuwa bado kijana kwa hesabu za Mbeya.

Kodi nazo zilimchagulia mnunuzi kuliko yeye alivyojichagulia. Umoja wa forodha wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, uliweka ushuru wa asilimia 25. Kenya ilikataa gari lililozidi miaka 8, na sharti hilo limewafanya Wakenya wanunue magari machanga na ya bei ya juu kuliko jirani zao. Tanzania haikufunga mlango. Ilitoza kodi ya ziada kwa gari kuukuu, nayo kodi ya bidhaa ikapangwa kwa ukubwa wa injini: isiyozidi cc 1,000 haikutozwa, hadi cc 2,000 ilitozwa asilimia 5, na zaidi ya hapo asilimia 10. Uganda ilikuwa wazi zaidi ya wote hadi sheria ya 2018 ilipozuia magari yaliyozidi miaka 15. Ukitembea mitaa ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam unaziona sheria hizo zikipita barabarani. Vitz ya kwanza, ya mwaka 1999, ilikuwa na injini ya cc 997, chini kidogo tu ya mstari wa kodi ya Tanzania, na wahandisi walioichora hawakuwa wakiifikiria Tanzania hata kidogo.

Toyota ilishinda soko hili kwa njia ileile iliyoifanya Pijo ishinde kabla yake. Mnunuzi wa Dar es Salaam hakuuliza kwanza gari lina nguvu kiasi gani. Aliuliza kama linabana mafuta, kama spea zake zipo, kama fundi wa mtaani analijua, na kama linauzika. Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana kwa mtu wa kipato kidogo gari ni akiba pia. Ada ya shule au matibabu yakimbana, linatakiwa litoke ndani ya wiki. Corolla za miaka ya 1990 zilijibu maswali yote manne. Hiace ikawa daladala na kuitwa kipanya. Suzuki Carry ya mizigo ikapewa jina la kirikuu, Canter ikawa Kenta, na Noah iliyobeba abiria kati ya miji ikaitwa mchomoko. Kenya, Probox iliyotoka mwaka 2002 kama gari la kazi la Kijapani, lisilo na pambo lolote, ikabeba miraa, mboga, samaki na abiria wengi kuliko viti vyake. Mwaka huohuo ilitoka IST. Uber ilipofika Nairobi mwaka 2015 na Dar es Salaam mwaka uliofuata, IST na Vitz zikawa mtaji wa kazi, na vijana wakazinunua kwa hesabu ya mafuta kwa kila safari.

Kila gari lililoingia kwa wingi lilizidi kuaminika kwa sababu lilikuwa limeingia kwa wingi. Muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa barabara ya Kirinyaga, Nairobi, huweka kile kinachoulizwa kila siku. Fundi aliyefungua injini ya Toyota ya 1NZ mara mia huisikia ikikohoa akajua ni plagi au ni koili kabla ya kufungua boneti. Gari zuri lisilojulikana, hata likiwa bora kiwandani, humwacha mwenyewe akisubiri kipande kutoka ng'ambo kwa mwezi mzima. Mfano ulio wazi ni injini zilizoandikwa D4 juu ya kifuniko. Toyota ilizitengeneza zichome petroli moja kwa moja ndani ya silinda ili kubana mafuta, lakini zilidai mafuta safi, vipimo maalumu na pampu ya bei kubwa. Mafundi wengi walizikwepa, habari ikaenea, na gari lenye maandishi hayo likashuka bei kuliko pacha wake wa injini ya kawaida. Ubora wa gari, kwa maana hii, ulitengenezwa mara mbili: mara moja kiwandani, na mara ya pili chini ya mwembe wa gereji.

Intaneti ilimpunguza mtu wa Dubai. Kuanzia miaka ya 2000 kampuni za Kijapani, mojawapo Be Forward iliyoanzishwa mwaka 2004, zilianza kuonyesha picha na bei moja kwa moja kwa mnunuzi wa Afrika. Mwalimu wa Iringa aliweza kuchagua gari, kupokea profoma, kwenda benki kutuma fedha, kisha kusubiri meli kwa wiki kadhaa. Alinunua kitu ambacho hajakigusa, na imani hiyo ilihitaji karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwepo tayari Japani, katika minada ya magari. Kila gari linalofika mnadani hukaguliwa na kupewa alama: 4 au 4.5 kwa lililotunzwa vizuri, 3 au 3.5 kwa lenye makovu, na R kwa lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Pembeni huchorwa umbo la gari kutoka juu, na juu ya mchoro huandikwa herufi ndogo. A ni mchubuko, U ni bonde, W ni mahali palipopigwa rangi upya, XX ni kipande kilichobadilishwa, na namba inayofuata hueleza ukubwa wa tatizo. Mlango wenye A1 una mkwaruzo wa ukucha. Bampa yenye U3 imegongwa kisawasawa. Madalali na waagizaji wa Afrika Mashariki wasiojua hata neno moja la Kijapani walijifunza kuusoma mchoro huo kama dereva anavyosoma alama za barabarani. Wasio waaminifu nao walijifunza kuuficha, ndipo gari la R likauzwa yadi kama la 4, na kilomita 180,000 zikarudishwa nyuma zikawa 78,000. Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Machi 2011, wakaguzi wa bandari za Japani waliongeza pia upimaji wa mionzi.

Asiyeweza kumudu ushuru alibaki na gari la mkononi, na hapo ndipo desturi iliyo tajiri kuliko zote ilipokua. Tanzania ilipoanza kutoa namba za herufi tatu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mfuatano wa herufi uligeuka kipimo cha umri. Gari likaitwa namba A, namba B, namba C, kisha D, na sasa E, na tangazo la mauzo halijakamilika bila herufi hiyo. Namba D inaonyesha lini gari liliingia nchini; haisemi lilitengenezwa lini. Corolla ya 1998 iliyosajiliwa kwa kuchelewa hubeba herufi changa juu ya mwili mzee, na wengi wamelipia herufi badala ya gari. Kenya ilikuwa na kipimo kama hicho tangu namba za KAA zilipoanza mwaka 1989.

Mnunuzi mwenye busara hakwenda peke yake, alikwenda na fundi wake. Walifika asubuhi na mapema bila kupiga simu njiani, ili wakute injini ikiwa baridi, kwa kuwa injini iliyopashwa moto hujificha. Fundi alianza na mkono juu ya boneti, kuhakikisha haijawashwa. Alifungua kifuniko cha oili akatazama chini yake: utando mweupe kama maziwa una maana kwamba maji yamekutana na oili, na gasketi ya hedi imekwisha. Gari likawashwa. Moshi wa samawati ni oili inayoungua, na huo pekee ulitosha kuvunja mazungumzo. Mweusi ni petroli nyingi, ambao hurekebishika. Mweupe usiokoma ni maji. Alipekua chini ya zulia la buti, ambako kovu la ajali hufichwa, na ukingoni mwa milango, ambako rangi mpya huacha ukungu juu ya mpira. Aliinama kutafuta kutu ya chesisi, maana magari ya kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, hutembea juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kisha alitazama kitu ambacho muuzaji alisahau: mpira wa pedali ya breki. Dashibodi husema kilomita 60,000, lakini mpira uliolika hadi kuonyesha chuma umesema zaidi ya hapo. Mwisho walitafuta rasta, yaani vituta vidogo vya barabarani, wakalipitisha gari polepole, madirisha yamefungwa na redio imezimwa, wakisikiliza bushi na shokamzoba. Dalali alikaa kiti cha nyuma, akiwa na cha juu chake, yaani faida aliyoiongeza juu ya bei, kichwani, akisema injini haijaguswa, ni kuwasha na kuondoka.

Kadi ya gari ilikuja baadaye, na namba ya chesisi ililinganishwa na iliyopigwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Wengi walioumia katika biashara hii hawakuumizwa na injini. Walinunua gari lenye mkopo ambao haujaisha, au lenye kadi ya mtu aliyekwisha kufariki na warithi wasiopatana.

Bandari za Mombasa na Dar es Salaam zilipeleka magari haya mbali zaidi ya nchi zake. Barabara ya kwenda Tunduma ilijaa magari ya IT, yanayosafirishwa kwenda Zambia na Kongo yakiwa na vibao vya muda, huku madereva wake wakijulikana kwa mwendo mkali na kwa kuokota abiria njiani. Kongo na Burundi huendesha upande wa kulia, hata hivyo magari yenye usukani wa kulia yalienea Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura, kwa kuwa ndiyo yaliyofika kwa bei inayolipika. Rwanda iliyazuia katikati ya miaka ya 2000, na wanunuzi wake wakalazimika kutafuta magari ya usukani wa kushoto, ambayo kwenye soko la Japani ni machache na ghali.

Gari likishindikana kabisa hurudi sokoni vipandevipande. Gerezani, na Kisekka mjini Kampala, milango hupangwa kwa kusimama kama vitabu, taa huning'inizwa kwa waya, na injini hukaa juu ya matairi zikiwa zimeandikwa chokaa jina la gari zilikotolewa. Kando yake huwekwa zile zilizoletwa kutoka Japani zikiwa vipande tayari, na hizo huuzwa ghali kidogo, kwa sababu hazijakanyaga barabara za hapa.